Tumekwama Sura ya Sita

Fungueni kitabu cha Nehemia, ndugu zangu wa Lugarawa, nanyi wa Mlangali, Mawengi, Milo na Upangwa yote. Fungueni sura ya tatu, ile ambayo wengi huiruka kwa sababu imejaa majina. Hayo ni majina ya watu waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu. Wamo makuhani, wamo wafua dhahabu, wamo watengeneza manukato na wachuuzi, yumo baba mmoja aitwaye Shalumu aliyekuja kazini na binti zake. Wengine walishika kipande kinachotazamana na nyumba zao. Mfalme alikuwa ametoa mbao, ni kweli, lakini mfalme hakuja kubeba mawe. Siku 52, ukuta ukasimama.

Kazi hiyo tunaijua. Nani hapa hakumbuki tulivyojenga sekondari za kata, miaka ile mpango wa MMES ulipoanza mwaka 2004? Tulifyatua matofali, tukayachoma kwa kuni zetu wenyewe. Akina mama walisomba maji na mchanga kwa ndoo kichwani, mtendaji akizunguka na orodha ya mahudhurio, na asiyefika akatozwa faini. Kuta zikasimama nchi nzima. Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012: zaidi ya watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri. Serikali ikaunda tume, alama zikapangwa upya, kelele zikapoa. Lakini watoto wale walikuwa wamekaa miaka minne ndani ya kuta zetu.

Nehemia hakuishia ukutani. Ukuta unakamilika sura ya sita. Ukifika sura ya nane, watu wote wamekusanyika uwanjani mbele ya Lango la Maji, wanaume kwa wanawake na kila mwenye umri wa kufahamu, na Ezra yuko juu ya jukwaa la mbao, anasoma tangu alfajiri hadi adhuhuri. Walawi wanapita katikati ya watu wakifafanua hadi waelewe. Tazameni vizuri palivyopangwa mahali pale. Yupo mwalimu aliyeisomea kazi yake. Wapo wasaidizi wasioona haya kurudia jambo. Wazazi wamesimama papo hapo. Na somo likiisha, watu wanaambiwa waende wakale, na asiye na kitu apelekewe sehemu yake.

Sisi tumekwama sura ya sita! Tumejenga, tumepiga plasta, tumepaka rangi, mheshimiwa amekata utepe, ngoma imepigwa, tukarudi majumbani kama watu waliomaliza kazi. Mwaka 2021 fedha za UVIKO zilileta madarasa 15,000 nchini kwa mkupuo mmoja. Namshukuru Mungu kwa kila tofali. Lakini darasa jipya lenye madawati mazuri na mtoto asiyeweza kusoma sentensi moja ni ukuta tu.

Wazazi wenzangu, ninyi ndio nianze nanyi.

Ada ya shule ya msingi ilifutwa wakati wa MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, miaka ishirini na ushee iliyopita. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukapeleka elimu bila malipo hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikafika zamu ya kidato cha tano na cha sita. Wapo watoto wa Upangwa ambao bila maamuzi hayo wangeishia kuchunga na kupasua mbao. Mungu awabariki walioamua. Ila ada ilifutwa, mzazi hakufutwa. Tuliposikia bure, tulisikia pia kwamba wito wa shule hautuhusu tena. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima, baada ya watoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango, wapo waliotafsiri kwamba kuichangia shule ni kosa la jinai. Kilichokatazwa ni kumfukuza mtoto na kumgeuza mwalimu kuwa mtoza ushuru. Hiari ya mzazi haikukatazwa na mtu yeyote.

Pigeni hesabu nami. Ruzuku iliyopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake huenda kwenye vitabu. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Gawanya. Inakuja kama shilingi 50 kwa siku, ambayo hainunui hata andazi. Kwa fedha hiyo mwalimu mkuu anunue chaki, akarabati dawati, alipie karatasi za mitihani. Halafu sisi tukae kilabuni tukisema shule za serikali hazifai.

Sasa niseme na walimu, na niseme kwa heshima.

Nchi yetu imewahi kutafuta walimu kwa njia za mkato. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, na walimu hawakutosha, basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundishwa kazi huku wakifundisha. Wengi wa umri wangu tulishikishwa kalamu na hao, na wengine walikuwa walimu wa kweli kuliko wenye shahada ninaowaona leo. Sitawadharau. Baadaye, sekondari za kata zilipofumuka, wakaletwa vijana wa kidato cha sita waliopikwa kwa wiki chache, na wananchi, ambao hawakosi jina la kumpa mtu, wakawaita vodafasta. Na tarehe 28 Aprili 2017, pale Dodoma, Rais alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Fikiria idadi hiyo.

Mzazi wa Lugarawa akipeleka mgonjwa kwenye hospitali ya misheni hapa kwetu, hakubali apasuliwe na mtu aliyeazima cheti cha binamu yake. Mbona darasani tunakubali yeyote? Una haki ya kuuliza nani anamfundisha mwanao Hisabati, na alisomea nini. Na wewe mwalimu mkuu, una haki ya kuulizwa kwa nini mwalimu wako hodari yuko darasa la saba, akiwanoa watoto kwa ajili ya mtihani, na darasa la kwanza ameachiwa aliyebaki. Mtoto asiyejua kusoma akifika darasa la tatu anaanza kujificha. Anakaa nyuma, ananakili ubao kwa mwandiko mzuri kabisa, na hajui alichonakili. Mwaka 2010 wapimaji wa mpango wa Uwezo waligundua kwamba takribani watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Hadithi ya Kiswahili, jamani, lugha tunayoabudia na kugombania!

Ndipo hapo cheti hakitoshi. Mwaka huohuo wa 2010 utafiti wa Benki ya Dunia uliingia katika shule zetu bila taarifa na kukuta zaidi ya nusu ya walimu hawamo madarasani saa za vipindi. Wengi wao walikuwepo shuleni. Najua sababu zao, kwa kuwa nimeishi na walimu: kufuatilia madai Ludewa mjini, kikao kilichoitwa jana usiku, fomu za kujaza. Na asubuhi za Julai kwetu huku jua linapotoka nyuma ya ofisi, ni vigumu sana kuliacha ukutani na kuingia darasani kwenye baridi. Lakini watoto 60 wako kwenye baridi hiyohiyo, wengine bila sweta, wanakungoja. Ingia.

Na ukiwa hujui, sema. Kuna utaratibu wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambao unawataka walimu wa shule moja wakae pamoja, mwenye uwezo wa somo amsaidie mwenzake. Mahali pengine unafanyika kweli. Mahali pengine umebaki saini kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu anayeona aibu kuwaambia wenzake kwamba sehemu zinamsumbua atawafundisha watoto woga wake. Wale Walawi wa Ezra hawakuwa na jambo jingine la kufanya ila kueleza hadi ieleweke, na kama haijaeleweka, kueleza tena.

Lakini tumemlaki vipi mwalimu huyu? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Tazama basi linapomshusha binti wa miaka 24, mwajiriwa mpya, katoka Mwanza au Tanga, na godoro lililofungwa kamba, jiko la gesi na begi. Anauliza nyumba ya mwalimu. Anaonyeshwa chumba nyuma ya kilabu, mlango hauna komeo. Mwaka wa kwanza analia, wa pili anaandika barua ya uhamisho, na sisi tunashangaa walimu hawakai. Kule mwambao wa Ziwa Nyasa, Lupingu na Lumbila, ni tabu zaidi, maana kuna vijiji huvifikii ila kwa boti, na ziwa likichafuka mwalimu habanduki. Kijiji kinachomtafutia mwalimu nyumba yenye komeo, kikampa kipande cha kulima viazi, kikamwalika kwenye harusi na kumzika mzazi wake kama wa kwao, huyo mwalimu hakimbii. Hayo hayahitaji waraka kutoka TAMISEMI.

Wapo watakaosema: ongezeni fedha, mengine yatajipanga. Jambo hilo limepimwa hapahapa nchini. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza pamoja na wachumi walichukua shule za msingi 350 katika wilaya 10. Kundi moja likapewa fedha za ziada za kuendeshea shule. Katika kundi la pili walimu wakaahidiwa malipo kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu likapata vyote viwili, na la nne halikupewa kitu. Miaka miwili ilipopita, watoto wa kundi la fedha peke yake hawakuwa wamesogea. Ahadi peke yake ilileta mabadiliko kidogo. Vilipokutana, fedha na mtu anayefuatilia kama mtoto ameelewa, watoto wakapanda waziwazi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2019 katika Quarterly Journal of Economics.

Mimi sihubiri bakshishi. Nasema fedha inapoingia shuleni ikakosa mtu wa kuuliza imemfikia vipi mtoto, inayeyuka. Mji wa Sobral, kaskazini-mashariki mwa Brazili, ni sehemu ya watu maskini kama sisi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 waligundua kwamba karibu nusu ya watoto waliokwisha kupita madarasa ya mwanzo hawajui kusoma. Wakaacha kuwapa ukuu wa shule makada wa siasa, wakawa wanawachagua kwa kuwapima. Wakaamua kila mtoto asome mapema, wakamsikiliza mmoja mmoja akisoma kwa sauti. Mwaka 2017 Sobral iliongoza Brazili nzima kwa alama za shule za msingi za umma. Hawakuvumbua kitu ambacho Lugarawa haiwezi.

Sasa chakula, na hapa sitapunguza sauti.

Mkoa wetu wa Njombe ni ghala la nchi. Viazi vyetu vinauzwa Kariakoo, mahindi yetu yanajaza maghala ya Makambako, parachichi zetu zinapanda meli kwenda Ulaya. Na ndani ya mkoa huu uliojaa chakula, utafiti wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 53.6 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 50.4. Nusu! Tunawalisha watu wa Dar es Salaam, watoto wetu wanadumaa kimo na akili, kisha tunamlaumu mwalimu wa darasa la kwanza kwamba hajui kufundisha.

Huyo mtoto anaondoka nyumbani alfajiri kwenye ukungu, amekunywa chai ya rangi, au hakunywa kitu. Ikifika saa tano macho yako ubaoni lakini hayaoni. Saa nane anaanza kupanda mlima kurudi. Mwaka 2021 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa chakula na lishe shuleni, na mwongozo hauchemshi sufuria. Tupige hesabu nyingine. Gramu 100 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa mtoto kila siku ya masomo hutoa bakuli la makande. Kwa siku 194 hiyo ni kilo 19 na ushee za mahindi, debe moja na nyongeza kidogo, na kilo sita hivi za maharage. Kwa mwaka mzima! Nani kati yetu, mwenye jembe na ekari, hana debe moja?

Sina ugomvi na ulanzi. Babu zetu waliugema, na msimu wa mvua mianzi itatoa tu, tuombe tusiombe. Ugomvi wangu ni na baba anayejua bei ya ulanzi katika vilabu vyote vya kata, na hajui mwanae yuko darasa la ngapi mkondo upi. Ukiwa na shilingi ya kilabuni, unayo ya maharage. Usinijibu, kamjibu mama watoto.

Na wewe bibi yangu, shikamoo. Najua unalea wajukuu watano ambao wazazi wao tuliwazika kwa UKIMWI, katika mkoa ambao ugonjwa huu umeupiga kuliko mingine. Sikukemei wewe. Debe lako tutalibeba sisi wengine, na kamati ya shule inayomtoa mjukuu wako kwenye foleni ya makande kwa sababu hukuleta mahindi imekosa mbele za Mungu. Asiye na kitu apelekewe sehemu. Imeandikwa humohumo sura ya nane.

Kazi ya usiku huu ni hii. Chukua daftari la Hisabati la mwanao, kaa naye karibu na taa. Usianze ukurasa wa kwanza, ambao mwandiko wake huwa mzuri daima. Anza ule wa mwisho ulioandikwa. Juu kuna tarehe. Hesabu ni siku ngapi za shule zimepita tangu tarehe hiyo. Kisha tafuta wino mwekundu. Kama kurasa nne mfululizo hazina hata tiki moja, hakuna mtu mzima aliyeziona. Kama chini ya 7 + 8 mtoto ameandika 14 na pembeni pana tiki nyekundu yenye mkia mrefu, basi daftari hilo limesahihishwa na mtu aliyekuwa anaangalia kwingine, au mwanafunzi mwenzake. Mama asiyejua kusoma anaweza kuifanya kazi hii, maana wino mwekundu unaonekana na kila mwenye macho. Mpe mtoto kitabu cha Kiswahili, mwambie akusomee nusu ukurasa. Akikwama, usimpige. Kesho nenda naye shuleni, mwamkie mwalimu, umwambie: "Mwalimu, pole na kazi. Nimekuja na daftari hili, naomba unieleweshe hapa." Usiende na hasira wala usiende na mwenyekiti wa kitongoji. Mwalimu mwema atafurahi, kwa kuwa miaka yote amengoja mzazi aje kwa jambo lisilo fimbo. Na yule mwingine atajua kuwa kuanzia leo daftari lina mwenyewe.

Lipo jambo jingine, na linanichoma. Makambako ni njia panda: barabara ya Songea inakutana hapo na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, na reli ya TAZARA inapita. Kila Januari, kati ya abiria wa mabasi ya kuelekea Dar, wapo mabinti zetu wenye kibegi kimoja. Mtu wa mjini alipiga simu, akataka binti wa kazi, mpole, asiye na mambo mengi, na sisi tukampa mtoto wa darasa la sita. Shuleni jina lake linaandikwa mtoro. Mtoro gani aliyekatiwa tiketi na shangazi yake? Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mtoto huyo awe darasani hadi amalize. Na aliyerudi na mimba asifungiwe mlango. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu binti aliyejifungua arudi kusoma. Asije akakuta Serikali imefungua na mama yake mzazi amefunga.

Nimalizie na wakubwa. Katika orodha ile ya wajenzi, watu wa Tekoa wametajwa kwamba walifanya kazi, na wakuu wao wametajwa kwamba walikataa kutia shingo zao kazini. Karne zaidi ya ishirini zimepita na bado tunasoma habari zao. Mheshimiwa diwani, ndugu mtendaji, nawe tajiri wa mbao na wa parachichi, watoto wenu wengi wako Njombe mjini kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza, na sina neno, ni haki yenu. Lakini vibarua wanaopasua mbao zenu na kuchuma parachichi zenu, watoto wao wako hapa, kwenye shule ya serikali, na hawajala tangu alfajiri. Mahindi yanaingia ghalani sasa, na madalali wameshaanza kupita. Mwenyekiti wa kamati ya shule anaandika majina ya watakaochangia chakula cha muhula ujao. Andikisheni madebe kumi kumi, na mfike wenyewe kuyashusha mbele ya watoto, kabla lori la kwenda Makambako halijajaa.